Jibu kwa mama wa Molo: hiyo safari ya saa kumi usiku, na kwa nini jua ndilo la kuogopa

Swali: "Mimi ni mama wa watoto watatu, nalima viazi na pareto huku Molo. Kifungua mimba wangu, binti, ako Innsbruck, Austria, huu ni mwaka wa pili, anasoma mastazi. Juzi ameniambia katikati ya Aprili wataenda na wenzake wanne wa chuo kupanda milima ya Sellrain na skii, zile mbao za kuteleza kwa theluji, si pale penye mashine za kuvuta watu, ni huko nje kabisa ambako hakuna njia, wapande kwa miguu halafu washuke wakiteleza. Anasema nisiogope juu ni springi, theluji imeshashikana, jua linawaka, hatari ilikuwa Januari. Lakini ikamponyoka kwamba watatoka saa kumi usiku na kila mtu atavaa kifaa kifuani cha kumtafuta akifukiwa. Kama ni salama mbona watoke usiku kama wezi? Na mbona wabebe kitu ya kutafuta maiti? Baba yake anasema nimwache, ni mtu mzima na amezaliwa Molo, baridi na mlima amezoea. Mimi nimeshindwa kulala. Nimkataze?"

Mama, pole kwa kukosa usingizi. Swali lako nimelisoma mara mbili na nitalijibu kirefu, juu ukitaka nikwambie tu ndio mkataze ama la mwache nitakuwa nakudanganya kwa upande mmoja au mwingine. Kazi yangu ni kuongoza watu mlimani, zaidi Mlima Elgon kutokea Kitale, lakini nilifanya misimu minne Tirol, lile jimbo la Austria lenye Innsbruck, huko huko kwa binti yako, kwenye kibanda cha wapanda mlima, nikaanza kwa kuosha sufuria na baadaye nikawa napanda nao. Hiyo theluji ya Aprili naijua, na nimeiogopa pia.

Vitu viwili vimekutisha, kutoka usiku na kile kifaa. Kitu kimoja umeambiwa ili utulie, kwamba ni springi na jua linawaka. Nikwambie ukweli vile ninavyouona: hivyo viwili vilivyokutisha ndivyo vitu vizuri kabisa kwa maneno yote aliyokuambia binti yako, na hilo la kukutuliza ndilo mimi lingeninyima usingizi. Anayetoka saa kumi usiku Aprili anajua anachofanya. Anayeniambia atakunywa chai kwanza, jua lipande kidogo, atoke saa tatu asubuhi, huyo ningemshika mkono nimzuie mlangoni.

Sasa kwa nini. Na hapa mama una bahati wewe ni mkulima wa Molo, juu hii kitu ningemweleza mtu wa Mombasa ningehangaika, lakini wewe umeiona kwa shamba lako. Ile jalidi, ile frosti ya kuchoma viazi, huja usiku gani? Si usiku wa mawingu. Huja ule usiku mbingu iko wazi, nyota zimejaa mpaka chini, hakuna upepo, na asubuhi unatoka unakuta majani yamekuwa meupe. Usiku wenye mawingu unaweza kuhisi baridi mwilini lakini viazi vinapona. Sababu ni kwamba ardhi ikishapata joto mchana, usiku inalitoa linapanda juu, na mawingu yakiwepo yanakuwa kama blanketi, yanalirudisha chini. Mbingu ikiwa wazi joto lote linaenda zake, na uso wa ardhi unakuwa baridi kuliko hata hewa iliyo juu yake.

Theluji ya Aprili inaishi kwa sheria hiyo hiyo. Mchana jua linaiyeyusha kwa juu, maji yanaingia ndani kati ya punje. Usiku mbingu ikiwa wazi inaganda tena, punje zinashikana, na alfajiri unakuta mlima mzima umekuwa kama sakafu ya simiti, unakanyaga na kiatu hakiachi alama. Theluji iliyoganda hivyo ni ngumu sana kuporomoka. Yaani kwa zile saa chache za alfajiri na asubuhi mapema mlima umefungwa kufuli. Halafu jua linatoka, Innsbruck katikati ya Aprili linatoka kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na polepole linaanza kufungua hiyo kufuli. Kwanza inalainika sentimita moja mbili kwa juu, na hapo ndipo raha ya skii ya springi ilipo, unateleza kama uko kwa siagi na chini yake bado ni kugumu. Baada ya hapo inaendelea kulainika, unazama mpaka kifundo, ukichelewa unazama mpaka goti, na kufika saa sita mchana kwa miteremko inayotazama jua unakuta ni uji.

Kwa hivyo safari yote ni hesabu ya saa. Unatoka giza ili uwe kileleni wakati kumeanza tu kulainika, ushuke kukiwa kuzuri, na saa tano, ikizidi sana saa sita, uwe kwa gari unavua viatu. Hao vijana hawatoki kama wezi mama, wanatoka kama watu wa kukamua ng'ombe, juu kazi yenyewe ina saa yake na ukiikosa imeharibika.

Na huo uji ni hatari ya aina gani? Punje za theluji zimeshikana kwa vidaraja vidogo sana vya barafu. Maji yakipita yanakata hivyo vidaraja. Yakishuka ndani zaidi yanakutana na tabaka ambalo hayawezi kulipenya, labda barafu ya zamani, labda nyasi laini za chini, yanatulia hapo yanakuwa utelezi, na theluji yote iliyo juu, ambayo sasa ni nzito kwa kunywa maji, inakosa cha kuishikilia. Sisi huku hatuna theluji lakini hii kitu tunaijua kwa machozi. Novemba 2019 kule West Pokot mvua ilinyesha, udongo ukashiba maji, mlima ukashuka usiku juu ya nyumba za watu na zaidi ya watu 40 wakafa. Ni udongo na ule ni theluji, ila namna ya kuporomoka ni ya familia moja: maji yanaingia, uzito unaongezeka, mshiko unaisha. Tofauti ni kwamba kwa theluji ya springi mvua haihitajiki, jua peke yake linatosha, na linaleta hayo maji kila siku kwa ratiba.

Najua kuna picha zingine kichwani, lile wingu jeupe linaloshuka kwa kishindo linameza kijiji. Hilo ni la kipupwe kikali, theluji kavu iliyoanguka nyingi kwa siku chache, kama ile ya Galtür, hapo hapo Tirol, Februari 1999, iliyoua watu 31. La springi kwa kawaida linakwenda polepole kuliko lile, lakini ni zito ajabu, na likisimama linakaza kama zege. Mtu akifukiwa na hiyo huwezi kumfukua kwa mikono, hata uwe na nguvu vipi.

Kwa hivyo binti yako amesema nusu. Ni kweli Aprili mara nyingi theluji imeshikana kuliko Januari, na ndiyo maana wenyeji wenyewe wanaipenda springi kwa safari ndefu. Lakini imeshikana asubuhi, na ikiwa tu usiku uliganda. Kukiwa na mawingu usiku kucha, au ule upepo wa joto wa kutoka kusini, hakuna kilichoganda, na siku inaanza tayari imeharibika hata uamke saa nane.

Nakumbuka Aprili moja kwenye kile kibanda, wageni walikuwa wametoka mbali, wamelipa, wamepanga safari mwezi mzima. Saa tisa usiku guide akatoka nje peke yake, akatembea hatua ishirini hivi, akachoma theluji kwa fimbo yake. Fimbo ikazama mpaka mkononi. Akaangalia juu, hakuna nyota hata moja. Akarudi ndani akawaambia rudini mkalale, leo hakuna mlima. Walikasirika, mmoja alisema amepanda vilima kama hivyo miaka kumi. Saa nne asubuhi tukiwa tunakunywa kahawa, ule mteremko waliotaka kupita ukashuka wote, hakukuwa na mtu yeyote juu yake, ulishuka wenyewe. Hakuna aliyesema neno pale mezani. Ile fimbo moja ya saa tisa usiku ndiyo ilinifundisha hii kazi kuliko darasa lolote.

Jambo lingine ambalo mtu wa kwetu halioni haraka, ni upande. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapita utosini, mteremko wa kaskazini na wa kusini kwa Mau hautofautiani sana. Ulaya jua linapita upande wa kusini, kwa hivyo mteremko unaotazama mashariki unapigwa asubuhi mapema, wa kusini unafuata, wa magharibi mchana kuelekea jioni, na ule wa kaskazini unaweza kubaki na theluji kavu ya baridi mpaka Mei, na huko ndani kunaweza kuwa na tabaka dhaifu la tangu Januari limekaa tu linangoja mtu alikanyage. Kwa hivyo mlima mmoja siku moja una hatari mbili tofauti, na anayepanga njia lazima ajue saa ngapi atakuwa upande gani. Ukimuuliza binti yako "mnapanda upande gani na mnashukia upande gani saa ngapi" na akakujibu bila kusita, mama, shukuru Mungu, ako na watu wanaojua.

Sasa kile kifaa. Si cha kutafuta maiti, na hapa nakuomba ulitoe hilo neno kichwani kabisa. Ni redio ndogo inavaliwa kifuani chini ya koti, ya kila mtu inatuma mlio saa zote, na mmoja akifukiwa wenzake wanageuza zao zisikilize badala ya kutuma, zinawaonyesha mshale na mita mpaka wamfikie. Zote duniani zinatumia masafa mamoja, kilohezi 457, ili hata mtu wa kundi lingine aweze kusaidia. Kinatengenezwa kwa ajili ya mtu aliye hai, juu hapo ni mbio za dakika. Mtu akifukuliwa ndani ya dakika kumi za kwanza, karibu tisa kwa kila kumi wanapona. Baada ya hapo inashuka vibaya sana, ikifika nusu saa wengi wameshakosa pumzi. Helikopta Tirol ni nzuri na ni za haraka, lakini mpaka mtu apige simu, rubani aruke, wafike, hizo dakika kumi mara nyingi zimekwisha. Wa kumwokoa ni wale wanne alio nao. Hakuna mwingine.

Ndiyo maana kifaa peke yake hakitoshi. Lazima kila mmoja awe na fito ndefu inayokunjwa ya kuchoma theluji kujua mtu ako kina gani, na beleshi, la chuma si la plastiki, kwa mgongo wa kila mtu, si moja la kundi. Na lazima wawe wamefanya mazoezi, yaani wamefukia begi lenye kifaa kwa uwanja na kulitafuta mpaka mikono inajua bila kufikiri. Nimeona watu wana vifaa vya bei ya ng'ombe na hawajawahi kuviwasha pamoja. Hao wamevaa urembo tu. Kuna pia begi za kujaza hewa kama puto, zinasaidia mtu abaki juu, zinapunguza kufukiwa, lakini hazizuii mtu kugongwa na mawe au kurushwa kwa korongo, kwa hivyo asikuambie ananunua hiyo sasa haiwezi kumpata kitu.

Na kitu ambacho watu hawapendi kusikia: wengi wa wanaokufa huko nje, poromoko halikuwakuta, walilianzisha wenyewe au mwenzao. Uzito wa mtu mmoja unatosha. Kwangu mimi hiyo ni habari mbaya yenye habari nzuri ndani yake, juu maana yake uamuzi wa mtu unabadilisha mambo. Maporomoko mengi yanayoua yanatokea kwa miteremko ya nyuzi 30 kwenda juu. Chini ya hapo, kama juu yako pia hakuna mteremko mkali unaoweza kukushukia, hatari inapungua sana. Kundi la wanafunzi linaweza kuchagua njia ya nyuzi 25, wakafika mahali pazuri, wakaona milima yote, wakarudi, na picha zikawa nzuri vile vile.

Nakuja kwa baba yake, kwa heshima. Kuzaliwa Molo ni kweli kunasaidia kiasi, Molo iko karibu mita 2,500 na Innsbruck iko mita 574 tu, watu wengi hawaamini ukiwaambia Austria ako chini kuliko nyumbani. Lakini damu haiweki akiba. Mtu akishuka chini akakaa, mazoea ya hewa nyembamba yanaisha kwa wiki chache, na yeye ako huko mwaka wa pili. Sellrain watafika labda mita 2,500 mpaka 3,000, kwa safari ya siku moja wengi hawapati shida zaidi ya kichwa kuuma na kuchoka mapema, sio kitu cha kukunyima usingizi. Ila kuna jambo moja nitaliuliza waziwazi: kwa familia kuna seli mundu, ile sikoseli? Upande wako au upande wa baba, hasa kama kuna damu ya upande wa ziwa au Busia na Bungoma. Hata mtu mwenye kubeba tu jeni moja ya ugonjwa huo, ambaye hajawahi kuugua maishani, akipanda juu na kujikaza sana anaweza kupata maumivu makali ya wengu. Kama hamjui, apimwe damu huko kabla ya kwenda, ni kipimo rahisi. Na akiwa na pumu, aongee na daktari, uso kwa uso, sio kwa simu na mimi.

Na kuzoea mlima si kujua skii. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa Eldoret, mapafu ya kazi, akapelekwa Finland 1996 kujifunza skii, na Olimpiki ya Nagano 1998 bado alimaliza wa mwisho kwa zile kilomita 10. Bjørn Dæhlie, aliyeshinda, akamsubiri pale mwisho ampongeze, na Boit akampa mtoto wake jina la Dæhlie. Ninaipenda sana hiyo hadithi, na kila nikiisimulia nasema pia kwamba mapafu ya kwetu hayakumfundisha skii, alifundishwa kwa miaka, na ile ni skii ya tambarare. Huko anakoenda binti yako theluji haijasawazishwa na mashine, asubuhi ni kioo, na ukianguka kwa mteremko mkali ulioganda hausimami, unakwenda tu mpaka ukutane na jiwe. Ndiyo maana kutoka mapema kupita kiasi na kushuka kabla hakujalainika nako ni hatari, wanaojua wanakaa kileleni wakingoja. Kwa hivyo swali langu la kwanza kwa yeye lingekuwa: umeteleza misimu mingapi? Kama ni huu mmoja wa kwanza, kwa njia zilizotengenezwa, basi kwangu jibu ni bado, asiende hiyo. Kama ni miwili na anashuka njia ngumu bila kuhangaika akiwa amechoka, tunaweza kuongea.

Ungeniuliza kama angekuwa mdogo wangu ningefanya nini, ningekwambia hivi. Kukataza sikushauri. Ni mtu mzima na ako mbali, ukimkataza ataenda na hatakuambia, na hapo umepoteza ile laini moja uliyonayo ya kujua ako wapi. Lakini kumwachia tu kama anavyosema baba nako sikubali. Muulize maswali, na umuulize kama mtu anayeelewa, juu sasa unaelewa. Nani anaongoza, na huyo amesomea ama ni mwenye ujasiri tu? Ni wangapi wana beleshi na lini mara ya mwisho walifanya mazoezi? Saa ngapi mnageuka hata kama hamjafika kileleni? Hilo la mwisho ndilo la maana zaidi kwangu. Kundi lenye saa ya kugeuka limeshaamua kabla kichwa hakijapata moto wa kilele. Kundi lisilonayo litasema bado kidogo, bado kidogo, mpaka saa saba.

Muulize pia kama anasoma taarifa ya maporomoko. Tirol wanaitoa kila siku saa kumi na moja jioni kwa ajili ya kesho yake, pamoja na wenzao wa Tirol Kusini na Trentino upande wa Italia, na iko hata kwa Kiingereza. Ina viwango toka 1 mpaka 5, na springi mara nyingi inatoa ramani mbili, ya asubuhi na ya mchana, asubuhi kiwango 1 au 2, mchana 3. Watu wanaona 3 wanadhani ni katikati, ni sawa sawa. Si sawa sawa. Sehemu kubwa ya vifo hutokea kwa kiwango 3, juu kwa 4 na 5 watu wanaogopa wanakaa nyumbani. Kwa kundi la wanafunzi wasio na guide, taarifa ikisema 3 kwa saa watakazokuwa kule juu, wabaki chini.

Kama majibu ni hafifu, kuna njia zingine na hazina aibu. Guide wa mlima aliyesomea na mwenye cheti cha kimataifa, gharama wakigawana watano inabebeka. Chama cha wapanda mlima cha Austria, Alpenverein, makao yake ni hapo hapo Innsbruck, kuna mafunzo ya theluji na maporomoko kwa wanaoanza, na uanachama una bima ya uokoaji, nayo ni muhimu kweli juu helikopta Austria kwa mtu aliyekwenda kujifurahisha inaweza kuja na bili ya kutisha. Ama mwaka huu apande tu pembeni ya njia za skii zilizofunguliwa kwa wapandaji, ajifunze ule mwendo wa kupanda na zile ngozi zinazobandikwa chini ya skii zisirudi nyuma, aache huko nje kwa mwaka ujao. Mimi binafsi, kama guide hayupo na mafunzo hawana, ningemwambia wazi: mwanangu, hii sitakupa baraka, hiyo ingine nitakupa. Neno kama hilo kutoka kwa mama lina uzito kuliko amri.

Vitu vidogo ambavyo unaweza kumsaidia ukiwa Molo. Asivae pamba karibu na ngozi, inashika jasho na inamgandisha akisimama, sufu ya kondoo ndiyo nzuri, na huko kwenu kondoo wapo. Na miwani. Theluji inarudisha hadi asilimia 80 ya ile miale mikali ya jua, inampiga kutoka juu na kutoka chini, hadi chini ya kidevu na ndani ya pua. Ngozi yetu nyeusi inakinga kiasi lakini inaungua, na macho hayana kinga yoyote. Akikaa bila miwani nzito inayofunika pembeni, usiku atahisi kama ametiwa mchanga machoni na machozi hayakatiki. Ikitokea asisugue, akae gizani, na asubuhi aende kwa daktari wa macho.

Usiku wa kuamkia safari mpigie kabla hajalala, umuulize mbingu ikoje. Akisema iko wazi na kunaganda, mwombee alale mapema. Akisema kuna mawingu na joto, mwambie mama yake anajua frosti haiji usiku kama huo, wabadilishe mpango. Na kabla hajatoka amwachie rafiki mmoja aliyebaki Innsbruck njia watakayopita, majina ya wote, na saa ya kurudi, tuseme saa saba mchana. Ikipita saa hiyo na hapatikani kwa simu, huyo rafiki apige 140, ndiyo namba ya waokoaji wa mlima Austria, ama 112. Hiyo asiachiwe mtu wa Kenya, juu ukiwa Molo kupiga hizo namba hazikufikishi kwao. Simu yake aiweke mfuko wa ndani penye joto, baridi inaua betri, lakini iwe mbali na kile kifaa angalau shibiri moja, zikikaribiana zinavurugana.

Wewe mwenyewe, usingizi ukiendelea kukosekana hata baada ya kuongea naye, pitia kwa daktari hapo Molo, usilibebe peke yako mpaka Aprili. Na akikujibu hayo maswali, niandikie nione amesema nini, hasa lile la saa ya kugeuka.